Salama Niliyompa Musallam

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Ukiniona naanza kuisimulia usinyanyuke ukasema mzee ameanza tena. Hii hamjaisikia. Mlichosikia ni kile kipande kizuri, cha lori la turubai na jangwa na mama yangu kubeba mbuzi ya kukunia nazi kwenda nayo Nizwa, mahali ambapo hakuna mnazi hata wa dawa. Mkacheka, nami nikacheka nanyi. Leo nakupa kipande kingine, cha namna nilivyompoteza mama yangu njiani kwa kuona haya, halafu nikamwachia mtu mwingine aubebe mzigo wangu miaka mingi.

Tulikuwa mwaka wa pili tangu kurudi kutoka Unguja. Nasema kurudi, lakini mie Oman nilikuwa sijaiona hata kwenye picha. Aliyetoka Ibra ni babu yangu, alikwenda Unguja kijana, akaoa, akazaa, akazikwa huko huko. Basi tukarudi sisi badala yake. Jamaa wa Ibra walitupokea, Mungu awalipe, hawakutufukuza. Lakini nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na watu kumi na tisa, na kila asubuhi ukiamka unaona haya kuamka. Mjomba wangu akatuletea salamu kutoka Nizwa: njooni huku magharibi, ipo nyumba ya udongo haina mtu, na kazi zipo, skuli zinajengwa, barabara zinachongwa, wanatakiwa watu wanaojua kusoma na kuandika. Mume wa dada yangu Zuwena akatangulia. Sisi tukabaki kungoja lori.

Wewe leo unatoka Ibra kwa gari yako, kiyoyozi kinakupuliza, saa mbili umefika Nizwa unalalamika njia ndefu. Enzi hizo, mwanzo wa miaka ya sabini, lami ilikuwa hadithi. Ilikuwa Ibra, Mudhaibi, Sinaw, halafu uwanda mtupu mpaka Adam, halafu ndiyo unapanda Nizwa. Siku nne, ikiwa gari imeamka na roho nzuri. Tulikwenda lori mbili, kwa sababu lori moja peke yake ilikuwa ni kujitafutia kifo. Moja ilibeba ukoo mwingine na vyombo vyao. Yetu aliendesha Mzee Khalfan, mtu wa Ibra aliyewahi kukaa Tanga ujanani, akabaki na Kiswahili cha kugombana tu. Ukimwomba chumvi kwa Kiswahili hajui, lakini matusi yote anayo.

Nyuma walipinda vyuma, wakatandaza turubai juu, wakalifunga kamba pande zote. Ndani tulikuwa mama, Zuwena na wanawe wawili, mmoja bado ananyonya, na mie. Cherehani, masanduku, magodoro, magunia mawili ya mchele. Zuwena alitundika khanga katikati ili mama na yeye wapate sitara. Mtoto mkubwa alimfunga kiunoni kwa khanga nyingine asije akaanguka gari ikiruka, maana ilikuwa inaruka hasa, bwana wee, mpaka meno yanagongana. Vumbi lilikuwa linaingia kwenye mchele, kwenye masikio, kwenye maziwa ya mtoto.

Tukawa na utaratibu wetu. Tukisha kusali alfajiri tunaondoka kabla jua halijawa kali. Ukitaka kuvaa viatu unavikung'uta kwanza, kwa sababu ya nge, na Zuwena alimkuta mmoja kwenye kiatu cha mwanawe siku ya kwanza tu, akapiga ukelele mpaka lori ya mbele ikasimama. Kwenye mchanga tunapunguza upepo wa mipira, tunatandika mabati, wanaume tunasukuma. Kwenye wadi, bonde la mto mkavu, mtu anatangulia kwa miguu na fimbo, atazame kama ardhi inabeba. Adhuhuri tunalala chini ya lori, hapana kivuli kingine. Alasiri tunakwenda tena. Jioni Zuwena anakanda unga juu ya sanduku la mama, na mama anampigia makelele chumvi imezidi.

Kazi yangu mie ilikuwa maji. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesoma chuo cha Kurani, Kiarabu nakijua cha kitabuni. Watoto wa Ibra walikuwa wakinicheka, ati naongea kama khatibu wa Ijumaa. Wakituita Zanjibari, na walivyokuwa wakilitamka neno lile lilinichoma kila mara. Basi nikajiapiza kwamba hakuna mtu wa nchi hii atakayeniona nimeshindwa na kitu.

Mzee Khalfan aliniambia, "Nenda kwa wanawake kule chini, chukua viriba sita. Kiriba kinapoza maji." Nikaenda, nikavinusa vile viriba vya ngozi, vinanuka mbuzi. Nikajisemea, sisi watu wa mjini tunywe maji ya ngozi ya mbuzi? Nilikuwa nimeliona pipa la chuma nyuma ya kambi ya watu wa barabara, limetupwa. Lilikuwa la dizeli. Nikaliomba, nikapewa. Nikalisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni, asubuhi nzima, mikono ikavimba. Nikanusa, nikasikia sabuni. Nikalipakia, nikalijaza pomoni maji ya falaji, ule mfereji wa mji. Khalfan alipokuja akaliangalia, akauliza, "Hili lilikuwa la nini?"

"La maji," nikamwambia.

Akanitazama, akaguna, akatundika kiriba chake mwenyewe ubavuni mwa gari. Mie nikaona nimeshinda.

Siku ya pili, tumeshapita Mudhaibi, jua likalipata lile pipa. Chuma kikipata moto kinatapika kila kilichokuwa ndani yake. Zuwena alichota kikombe, akanusa, akakirudisha. "Nassor, maji haya yana nini?"

Kabla sijajibu, mama alinyoosha mkono akakichukua. Akanywa chote, polepole, huku ananitazama. Akasema, "Maji matamu haya. Nyie mmezoea ya bomba." Halafu akasema kile kiriba cha Khalfan kiwe cha watoto na Zuwena, kwa kuwa ananyonyesha, na yeye atakunywa ya pipa, hana neno nayo. Alinisitiri mbele ya watu, mwanangu. Alinijua mwanawe. Alijua nikiambiwa nimekosea mbele ya Khalfan nitanuna mpaka Nizwa.

Na mie unajua nilifanya nini? Sikuwahi kumwambia mtu hili. Mie nilikuwa nikizunguka upande wa pili wa gari, nafungua kiriba cha watoto, nakunywa mafunda mawili matatu kwa siri, nafunga. Mama yangu anakunywa ya pipa ili mie nisione haya, nami nakunywa ya kiriba.

Tukafika Sinaw. Kisima kipo, watu wapo, Khalfan kasimamisha gari. Akasema, "Kama maji hayo mabaya mwaga, tutie mengine." Ilikuwa fursa aliyoileta Mungu mwenyewe mpaka miguuni kwangu. Ningesema neno moja tu. Lakini watu wa Sinaw walikuwa wamesimama wanatutazama, wawili wanacheka juu ya mbuzi ya nazi ya mama, nami nikasema, "Pipa limejaa, twende tu tusichelewe." Tukajaza kile kiriba peke yake tukenda.

Jioni ile tulilala uwandani. Zuwena alichoma papa mkavu wa Sur, kule pwani, akapika wali, tukala sote. Asubuhi kabla hatujatia moto gari springi ya nyuma ikaonekana imekatika pande mbili. Khalfan alitukana kwa Kiswahili chake chote. Akaamua aende na lori ya pili na watu wake kurudi Sinaw kutafuta springi, maana yeye ndiye anayeijua. Akasema jioni, au kesho asubuhi, watakuwa wamerudi. Akamwuliza mama, "Hujambo, mama? Niwaache?" Mama alikuwa ameshatapika mara mbili nyuma ya turubai, tangu alfajiri. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sijambo, baba, nenda. Sisi salama." Khalfan akanigusa bega. "Wewe ndiye mwanamme hapa." Akaenda.

Lori ile ilipopotea tukabaki sisi na uwanda. Mama akatapika tena, na mara hii hakuweza kunyamaza. Zuwena alimshika kichwa. Kila alichompa kikarudi. Nikamsikia dada yangu analia kidogo kidogo nyuma ya khanga, "Ni yule papa. Nimempa mama papa mbovu."

Nilimsikia. Nikanyamaza.

Kiriba kilikuwa kimebaki na maji ya watoto ya siku moja. Mama akakataa kuyagusa, akasema watoto kwanza.

Kiasi cha saa nne asubuhi nikaona vumbi. Pikapu, si lori yetu. Akashuka Bedui mmoja mtu mzima, mwembamba, ndevu nyeupe, na nyuma ana mbuzi wawili wamefungwa. Jina lake Musallam, nililijua baadaye. Ubavuni mwa gari yake mlitundikwa kiriba kikubwa kimejaa maji, kinatona. Tone linaanguka mchangani, linapotea, linakuja jingine. Nilikuwa namsikiliza yeye huku naangalia tone.

Tukasalimiana. Akauliza kama wanavyouliza watu wa huku, "Shay ulum? Shay akhbar?" Yaani kuna habari gani. Nami nikajibu kwa Kiarabu changu kizuri cha kitabuni kwamba hakuna ila kheri, sote salama. Akauliza tena habari za njia, habari za watu. Salama. Nilijibu vizuri, wallahi. Mama yangu alitulea hivyo, mtu akikuuliza habari unasema njema, hata ukiwa umefiwa jana. Lakini Unguja ukishasema njema unavuta pumzi, halafu unasema, lakini bwana, nina jambo. Hilo la lakini mie nililimeza.

Akatoa dele lake la gahawa na mfuko wa tende. Akataka kukaa kivulini mwa lori awashe moto. Nikajua akikaa atamsikia mama, ataomba maji ya kusuuzia vikombe, nitafungua pipa, atasikia harufu. Bedui atakwenda kuhadithia kwamba Mzanjibari amewanywesha watu wake dizeli. Nikasema, "Sheikh, usijitaabishe. Wenzetu wanarudi sasa hivi, tuna haraka."

Alisita, dele mkononi. Ndani mama akakohoa. Kikohozi kile cha mtu aliyemaliza kutapika.

"Nani anakohoa?" akauliza.

"Vumbi tu."

Akalitazama turubai muda mrefu. Akanitazama mie. Akaokota tende zake, akasema, "Basi Mungu awe nanyi," akaingia garini. Tone la mwisho nililiona likianguka gari ikigeuka.

Zuwena akafunua khanga, macho mekundu. "Kwa nini hukumwambia? Ana maji yule! Ana gari!"

Nikamwambia, "Nyamaza. Unataka watu wajue umempa mama chakula kibovu?"

Nilisema hivyo, mwanangu. Yalinitoka haraka haraka, kama mtu aliyekuwa ameyaweka tayari. Mdomo wa dada yangu ukafunga, akarudi ndani. Mama akasema kwa taabu, "Mwache kaka yako. Anajua anachofanya."

Saa sita jua likawa juu ya vichwa, mama akaanza kutuita kwa majina ya watu waliokufa zamani. Hapo ndipo haya zikanitoka, zimechelewa. Nikafuata njia ya mipira ya ile pikapu, nikikimbia, nikianguka, viatu nikavipoteza. Sikukimbia hata nusu saa. Nyuma ya mwinuko mdogo wa mawe, mahali tulipokuwa tukipatazama tangu asubuhi, palikuwa na miti ya ghafu, mahema, mbuzi, na kisima chenye kamba na ndoo. Nusu saa tu. Mama angeweza kuletwa amebebwa.

Musallam hakuniuliza kitu. Aliona uso wangu, akamwita mkewe, wakatia maji na maziwa, tukaondoka. Tulipofika, Zuwena alikuwa amempakata mama anamsomea shahada sikioni. Mke wa Musallam akampa maji kwa kidole. Mama aliyalamba, akafungua macho, akatabasamu kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia. Tukampakia pikapu tumkimbize Sinaw kwa daktari. Hatukuimaliza hata robo ya njia.

Alioshwa kwa maji ya kisima kile. Tulimzika kabla ya magharibi, karibu na ile miti, pamoja na makaburi yao mawili matatu ya mawe. Mama yangu ambaye alikuwa akisema akifa azikwe penye mnazi.

Tuliporudi kwenye lori Musallam alichukua kikombe achotee watoto maji. Akafungua pipa. Harufu ikampiga usoni. Kisha akalisukuma kwa mabega yake yale membamba likapinduka, maji yote yakamwagika chini, na mchanga ukabadilika rangi. Zuwena alikuwa ndani, nyuma ya khanga, hakuona. Mie niliona.

Akanichukua tukakaa kando. Sasa akatia gahawa, nami nikanywa, sikuwa na nguvu ya kukataa. Akasema, na sauti yake haikuwa na ukali, laiti ingekuwa nao:

"Kwetu habari ya kwanza ni ya heshima, mtu huitoa hata nyumba yake ikiwa inaungua. Halafu anakaa. Anakula tende, anakunywa gahawa, anaulizwa mara ya pili. Hapo ndipo husema nina mgonjwa, nimepotelewa na ngamia, nina njaa. Mimi nilishuka kukuuliza mara ya pili, nawe hukuniacha nikae. Nilimsikia mama yako. Ningefanya nini? Ndani mna wanawake na mwenye nyumba ananiambia salama. Siwezi kunyanyua turubai la mtu."

Akanijazia kikombe cha pili.

"Dada yako analia juu ya samaki," akasema. "Amemwambia mke wangu. La pipa utamwambia wewe, si mimi. Mwambie kabla hamjafika Nizwa."

Nikasema inshallah.

Khalfan akarudi asubuhi na springi, akalia kama mtoto. Tukaenda. Tulipita Adam, tukaanza kuona milima, na kila tuliposimama nilisema sasa namwambia. Nikajipa sababu, ana mtoto mchanga maziwa yatakata. Tukafika Nizwa, watu wakaja kutoa mkono wa tanzia, wakauliza mama kapatwa na nini. Nikasema jua. Zuwena akainama. Nikajua yeye kichwani mwake anasema papa.

Nikawa karani, nikaoa, nikapata vyeo, nyinyi mkazaliwa. Zuwena alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mpishi mkubwa yule, lakini papa mkavu hakuingia tena jikoni kwake. Watu wa Sur wakimletea zawadi anampa jirani. Chakula chochote alichopika alikuwa akikionja yeye kwanza, anangoja, ndiyo anawapa watoto, mpaka mumewe akawa anamtania kwamba anaishi na mwonja sumu wa sultani. Mie nacheka na watu. Kila Idi nakaa sebuleni kwake, ananiletea kahawa, namwangalia, nasema leo. Siku ya Idi yenyewe haikuwa siku nzuri ya kusema. Siku nyingine ana wageni. Siku nyingine mwenyewe ana furaha, mtu anawezaje kumharibia. Mtu asiyetaka kusema hakosi sababu hata siku moja, mwanangu, ataokota tu.

Miaka kumi na zaidi ikapita hivyo. Katikati ya miaka ya themanini Zuwena akashikwa na figo. Nilikuwa nakaa naye hospitali mchana. Siku moja, baada ya adhuhuri, watoto wake wameteremka kula, akanishika mkono. Mkono wenyewe mwepesi. Akasema, "Kaka, nina jambo limenikaa tangu njiani. Nilimpa mama kitu kibaya. Nilikuonea haya miaka yote, mama alikuwa mama yako pia. Nisamehe kwa mama."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mungu alikuwa amenifungulia mpaka ukutani. Nilichotakiwa ni kusema, Zuwena, ni pipa. Ni mie.

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Akashusha pumzi ndefu, akanibusu mkono. Dada yangu alinibusu mkono kwa msamaha wangu. Siku ya tatu akafa, na mie ndiye niliyesimama kupokea tanzia, watu wanasema kaka mwema, alimuuguza mpaka mwisho.

Juzi nimewaita wanawe. Wamekuwa watu wazima, yule mkubwa aliyefungwa kwa khanga ndani ya lori sasa ana wajukuu. Niliwawekea kahawa na tende, nikawaambia yote, la pipa, la kiriba, la Sinaw, la kitanda cha hospitali. Mdogo alilia. Mkubwa aliuliza jambo moja tu: "Mama alikufa akiamini ni yeye?" Nikasema ndiyo. Akaamka, akatoka, hajarudi mpaka leo na simu zangu hapokei. Sina la kumlaumu.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Nyinyi wa leo nawaona, mtu kaachishwa kazi mwezi wa pili, kila asubuhi anavaa kanzu yake anatoka, mkewe anajua yuko ofisini. Binti anaumwa, anamwandikia mamake kwenye simu, alhamdulillah mzima. Sema salama, ni adabu, sikukatazi. Lakini mtu akikaa akakuuliza mara ya pili, mwambie. Akitaka kukaa mwache akae, usimwambie una haraka. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo kwamba ni mimi, hata kama wapo wanaocheka, maana usipolibeba wewe ataliokota mwingine asiye na kosa, na kwa kawaida ni yule anayekupenda. Usingoje siku nzuri ya kusema. Sema siku mbaya, mtu akiwa hai.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na moyo wa kumsikia mgonjwa aliye nyuma ya pazia. Akupe watu wa kukuuliza hali yako kwa kweli, nawe uwape ya kweli. Amrehemu mama yangu, amrehemu Zuwena na amjulishe yeye huko aliko kwamba hakuwa na kosa, maana mie nilishindwa kumjulisha hapa. Na ukionana na yule mpwa wangu mkubwa, usiniombee msamaha. Mwambie tu mjomba wako alisema mamako alipika vizuri.